Kutoka Rabai hadi Tanga: siku nane nyuma ya ramani ya wamisionari

Siku ya kwanza, Mombasa

Nimeanza safari hii nikiwa na begi moja la mgongoni, daftari, na nakala ya ramani niliyoichapisha kwenye karatasi kubwa na kuitia ndani ya plastiki ili isilowe. Ramani yenyewe ni kazi ya Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, Wajerumani wawili waliokuwa wakilitumikia shirika la kimisionari la Kiingereza la CMS, nayo ilichapishwa Ujerumani mwaka 1855, kisha mwaka 1856 ikawekwa mezani mwa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London. Katikati yake kuna ziwa moja kubwa mno, lililojipinda na kuvimba upande mmoja, hata wasomi wa London wakalifananisha na koa. Ziwa hilo halipo. Ninachotaka kukifuata katika siku hizi nane ni namna karatasi yenye kosa kubwa kiasi hicho ilivyoweza kuwafungulia njia watu waliokuja baadaye na bendera na mikataba.

Jioni nilivuka Daraja la Nyali na kuteremka Kengeleni, penye kengele ya Freretown, makazi ambayo CMS iliyaanzisha mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka utumwani. Kutoka hapo nikatembea hadi Mkomani, karibu na maji, alipozikwa Rosine Krapf. Mume wake, Johann Ludwig Krapf, alifika pwani hii mwaka 1844 akiwa na barua ya Sultani Seyyid Said wa Zanzibar iliyowataka maliwali wamtendee wema kwa kuwa ni mtu mwema anayetaka kuuongoza ulimwengu kwa Mungu. Mwezi Julai mwaka huohuo homa ikamuua mkewe pamoja na mtoto mchanga. Krapf aliiandikia kamati yake kwamba kaburi hilo ni alama ya kuanza kwa kazi katika sehemu hii ya dunia. Nilisimama pale kwa muda nikiyawaza maneno hayo. Kaburi la mke na mtoto lilikuwa limekwisha kuwa nukta ya kwanza kwenye mpango wa bara zima.

Siku ya pili, Rabai

Matatu ilinifikisha Mazeras, na bodaboda ikanimalizia kilomita zilizobaki hadi Rabai. Kutoka kilimani unaiona bahari kwa mbali, na ukigeuka unaona nchi kavu ikiteremka taratibu kuelekea bara. Ni mahali pazuri pa mtu anayetaka kuziangalia pande zote mbili kwa wakati mmoja, na sidhani kama Krapf na Rebmann walipachagua kwa sababu ya hewa nzuri peke yake. Walihamia hapa mwaka 1846 baada ya wazee wa Warabai kuwaruhusu. Ruhusa hiyo naitaja makusudi, kwa sababu katika habari nyingi za wamisionari wazee hao hupita kama kivuli.

Mtunzaji wa makumbusho, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alinionyesha nyumba walizokaa wamisionari na kanisa lililojengwa baadaye. Nilipoifungua ramani yangu juu ya ukuta mfupi aliinama, akaitafuta Rabai kwa kidole, akaipata, kisha akakipeleka kidole magharibi hadi kwenye lile ziwa. “Hili ndilo nini, mwanangu?” aliniuliza. Nilimwambia kwamba ni Nyanza (Ziwa Victoria la leo), Tanganyika na Nyasa yakiwa yameunganishwa pamoja. Akacheka kidogo, akasema kwamba basi waliokuwa wakiulizwa walikuwa wengi na aliyekuwa akiandika alikuwa mmoja. Sijapata kuisikia historia ya ramani hii ikielezwa vizuri zaidi kwa maneno machache.

Rebmann alikaa Rabai na pwani ya jirani miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja, na alipoondoka mwaka 1875 alikuwa kipofu. Akaaga dunia mwaka uliofuata. Krapf alikuwa mtu wa namna nyingine, mwenye haraka na mipango mikubwa. Alitamani mlolongo wa vituo vya misheni uliotoka pwani hii ukakatiza bara lote hadi upande wa Atlantiki, na mpango kama huo huwezi kuuweka mbele ya wafadhili bila kuwaonyesha nchi iliyo katikati. Ndiyo maana safari zake zilikuwa za Injili na za jiografia kwa pamoja. Mwaka 1848 alifika Vuga kwa Kimweri, mfalme wa Usambara. Mwishoni mwa 1849 alikwenda Ukambani kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, na tarehe 3 Desemba akauona kwa mbali mlima ambao jina lake aliliandika kama alivyolisikia kwa wenyeji. Mwaka 1920 serikali ya Uingereza ilipoigeuza himaya yake kuwa koloni, ililipa koloni zima jina la mlima huo, Kenya.

Je, Krapf alikuwa mtumishi wa dola? Yeye mwenyewe aliwaonya wamisionari wenzake wasitarajie mema makubwa kutoka kwa mabadiliko ya kisiasa katika Afrika Mashariki, kwa kuwa anayeyatarajia hujiingiza ndani ya siasa bila kujua. Ninaamini alimaanisha alichosema. Lakini ramani haiulizi nia ya aliyeichora. Ikishachapishwa huwa mali ya kila anayeweza kuisoma, na mwaka 1856 waliokuwa na uwezo wa kuisoma pamoja na fedha za kuitumia hawakuwa Rabai.

Siku ya tatu, Ribe

Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Ribe iko kaskazini kidogo ya Rabai, na Krapf ndiye aliyewasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo chao hapa mwaka 1862, lakini aliyenileta ni Thomas Wakefield, mmisionari aliyekaa hapa miaka mingi baada yake. Mwaka 1870 jarida la Jumuiya ya Jiografia lilitoa makala yake kuhusu njia za misafara kutoka pwani hadi bara. Habari zenyewe, kama Wakefield alivyokiri waziwazi, alizipata hasa kwa Sadi bin Ahedi, mtu wa upande wa Gazi, Udigo, ambaye alikuwa amezipita njia hizo kwa miguu yake.

Nimeisoma makala hiyo mara kadhaa, na kila mara huniacha na picha ya watu wawili barazani, mmoja akisimulia na mwingine akiandika. Sadi anakwenda kituo kwa kituo. Hapa msafara unalala, hapa pana maji na hapa hapana, kutoka hapa hadi pale ni mwendo wa siku moja au mbili, wakazi wa mahali hapa wanalima, wa pale wanafuga. Hiyo ndiyo ramani ya mtu wa msafara, na haichoreki, kwa sababu kipimo chake ni uchovu, maji na hongo, yaani ushuru wa kupitia nchi ya mtu, na siku ya mwendo hurefuka au kufupika kwa kadiri ya mzigo ulio begani na mwenye nchi aliyeko mbele. Kirangozi, kiongozi wa msafara, aliyeijua njia hakuhitaji kujua kaskazini iko wapi. Alihitaji kujua ni nani aliyekufa tangu safari iliyopita na nani sasa anapokea hongo.

Wakefield alipoyageuza masimulizi hayo kuwa mistari ilimbidi akadirie kila siku ya mwendo ni maili ngapi, na njia imeelekea upande gani. Katika kugeuza huko, mengi ambayo Sadi aliyajua yalibaki maandishini bila kuingia katika mchoro, na mchoro ndio uliosafiri haraka zaidi. Mchoraji E. G. Ravenstein alipoitengenezea Jumuiya ramani kubwa ya Afrika Mashariki, iliyotolewa mwanzoni mwa miaka ya 1880, habari za wamisionari zilikuwa miongoni mwa malighafi yake, na ramani za namna hiyo ndizo zilizokuwa mikononi mwa maofisa katika miaka ya kugawana. Hata hivyo Wakefield anastahili heshima kwa jambo moja ambalo wengi hawakulifanya: alilitaja jina la aliyemwambia.

Viatu vyangu havijakauka, na ninaandika haya nikiwa nimejifunika kanga niliyoazimwa na mwenyeji wangu.

Siku ya nne, kutoka Voi hadi Taveta

Gari la asubuhi kutoka Voi linapita kusini ya Milima ya Taita, kisha tambarare inafunguka na barabara inanyooka hadi macho yanachoka. Rebmann alipita nchi hii mwaka 1848 akiwa na wapagazi wachache na mwavuli, bila bunduki, akiongozwa na Bwana Kheri, mtu wa misafara aliyeijua njia ya Uchagani. Tarehe 11 Mei, yapata saa nne asubuhi, aliona kitu cheupe juu ya mlima mmoja, Kilimanjaro, akadhani ni wingu. Akamuuliza kiongozi wake, naye akamjibu kwamba ile ni baridi.

Jibu hilo limenifurahisha kwa miaka. Mtu wa pwani ambaye hakuwa na neno la kila siku la theluji alikitaja kitu kwa kile kinachokufanyia ukikigusa, na alikuwa sahihi. Rebmann akatambua kwamba anaiangalia theluji karibu kabisa na ikweta, akaandika hivyo, na habari ikachapishwa na CMS mwaka 1849. London ikamcheka. William Desborough Cooley, msomi aliyeichora Afrika ya ndani kwa kusoma vitabu na kuwahoji wasafiri bila kuitia miguu, alisisitiza kwamba mmisionari huyo ameona vibaya, na ubishi ukaendelea zaidi ya miaka kumi hadi Karl Klaus von der Decken alipoupanda mlima huo sehemu ya njia mwanzoni mwa miaka ya 1860 na kuithibitisha theluji. Neno la Bwana Kheri halikuhesabiwa ushahidi wakati wowote wa ubishi huo. Mmisionari hakuaminiwa kwa sababu hakuwa na vipimo. Kiongozi wake hata hakuulizwa.

Leo wingu limekaa juu ya mlima tangu asubuhi. Nimeuona kwa dakika chache tu, saa kumi jioni, nikiwa nimefika Taveta, nao ulijitokeza juu zaidi ya mahali nilipokuwa nikiutafuta.

Siku ya tano, mpaka wa Holili

Kutoka Taveta hadi mpakani ni mwendo mfupi, na nilivuka bila shida yoyote, nikagongewa mhuri, nikabadilisha fedha, nikaingia Tanzania.

Kuna hadithi inayosimuliwa sana, na dereva wangu aliisimulia tena leo kwa furaha, kwamba mpaka huu umepinda kwa sababu Malkia Victoria alimzawadia mlima mjukuu wake Wilhelm wa Ujerumani. Ni hadithi tamu na si kweli. Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwishoni mwa 1886 yanaueleza mstari kwa lugha kavu: unaanzia kwenye mlango wa Mto Umba, karibu na Vanga, unakwenda hadi Ziwa Jipe, unalizunguka upande wa mashariki na kaskazini, unavuka Mto Lumi, unapita kati ya Taveta na nchi ya Uchagani, unafuata chini ya mlima upande wa kaskazini, kisha unanyooka moja kwa moja hadi Ziwa Nyanza pale digrii 1 ya kusini inapolikata ufukweni mashariki. Ulipinda kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na wateja wao. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alikuwa amechukua mikataba upande wa Taveta, na mwaka 1885 Carl Jühlke, mtu wa kampuni ya Mjerumani Carl Peters, akapata mkataba wake kwa Mangi (mtawala wa Kichaga) Rindi wa Moshi.

Nilikaa kwenye benchi la nje ya kituo cha forodha nikayasoma maelezo hayo ya mpaka neno kwa neno. Yasome taratibu, nawe utaona jinsi yalivyotegemea majina. Mwanadiplomasia aliyeketi Ulaya hawezi kuandika Jipe, Lumi na Taveta katika mapatano kama hakuna karatasi inayomwambia kwamba vitu hivyo vipo na kipi kiko mashariki ya kipi. Baada ya Rebmann walipita wapimaji wenye vyombo bora, na mapatano yaliegemea kazi yao zaidi kuliko yake. Lakini wapimaji hao walijua waelekee wapi kwa sababu yeye alitangulia.

Siku ya sita, Moshi ya Zamani

Nilipanda asubuhi kwa miguu kupitia migomba na kahawa. CMS iliingia kwa Mangi Rindi mwaka 1885, mwaka mmoja kabla ya mstari kuchorwa, nayo ikajikuta ghafla ndani ya nchi ya Wajerumani. Mwaka 1892 mwanawe Rindi, Mangi Meli, alipolishinda jeshi la Wajerumani, maofisa waliwashuku wamisionari wa Kiingereza kwamba wako upande wake, na mwaka huohuo wakalazimika kuondoka wakahamia Taveta, ng'ambo ya mpaka. Mwaka uliofuata Walutheri wa Leipzig walianza kazi Machame.

Machame ndiko Rebmann alikokuwa amenyang'anywa zawadi na bidhaa zake kidogo kidogo na Mangi Mamkinga mwaka 1849, alipotaka kupita hadi Unyamwezi, hata akarudi pwani mikono mitupu. Baada ya hapo hakwenda tena mbali. Wamisionari wa Rabai hawakuacha kutaka kuijua bara, lakini tangu hapo walianza kuitafuta kwa masikio, na kwa sababu hiyo naona kwamba Mamkinga, bila kujua, ni mmoja wa waliochangia kulichora lile ziwa.

Meli alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Kijana aliyenionyesha mahali penyewe aliniambia mwaka na tarehe, kisha akanyamaza, nami sikumuuliza zaidi.

Siku ya saba

Basi la Moshi hadi Tanga. Same, Mombo, Korogwe. Usingizi. Upande wa kushoto, Milima ya Usambara ilikuwa imefunikwa na ukungu, na Vuga ya Kimweri iko juu huko, ambayo wamisionari waliiandika Fuga.

Siku ya nane, Tanga

Erhardt alikaa hapa miezi kadhaa mwaka 1854. Tanga ulikuwa mji wa watu wa misafara, na kila aliyekaa barazani alikuwa na safari ya kusimulia, nayo ramani yangu ilitungwa kutokana na masimulizi hayo. Nimekuwa nikilingoja eneo hili tangu Mombasa, kwa sababu hapa ndipo kosa linapoeleweka.

Zilikuwapo njia tatu kubwa. Ya Kilwa ilikwenda kusini-magharibi hadi Nyasa. Ya Mrima, upande wa Bagamoyo, ilipita Unyamwezi hadi Ujiji, kwenye Tanganyika. Ya Tanga na Pangani ilielekea kaskazini-magharibi, hadi Ukerewe na Nyanza. Erhardt aliwauliza watu wa njia zote tatu mwisho wa safari kuna nini, na wote wakamjibu kwamba kuna maji makubwa, ziwa. Kila mmoja alisema kweli. Nyanza na Nyasa yenyewe ni maneno ya watu wa bara yenye maana ya maji makubwa, kwa hiyo hata majina hayakumsaidia kutofautisha. Hakuna aliyemwuliza mtu wa Kilwa kama amewahi kukutana na mtu wa Ukerewe upande wa pili wa maji hayo. Naye Erhardt alipoyaweka majibu matatu kwenye karatasi moja, ufuko wa kusini, wa katikati na wa kaskazini uliungana wenyewe, na Bahari ya Unyamwezi ikazaliwa.

Kosa hilo lilizaa matunda kuliko usahihi wa wengi. Jumuiya ya Jiografia ikataka kuujua ukweli, ikawatuma Richard Burton na John Hanning Speke. Walipita Rabai kwa Rebmann mwanzoni mwa 1857, wakafika Ujiji mwezi Februari 1858, na tarehe 3 Agosti mwaka huo Speke, akiwa na Sidi Mubarak Bombay, mtu wa msafara wake, akasimama ufukweni mwa Nyanza, akalipa jina la malkia wake. Miaka 28 baadaye, mstari nilioupita Holili ulihitaji mahali pa kuishia, ukaishia kwenye ziwa hilo, na kwa jina hilo. Mwaka 1890 mapatano mapya yakauvusha ziwani hadi mpaka wa Kongo.

Leo alasiri, karibu na bandari, niliketi na mzee mmoja aliyekuwa nahodha wa jahazi kabla macho yake hayajapungua. Nilimwamkia, akaitikia, akaitaka karatasi iliyokuwa mkononi mwangu. Aliishika karibu na uso, akaanza kuyasoma majina kwa sauti, akiyarekebisha moja moja kutoka tahajia ya Kijerumani kama mwalimu anayesahihisha imla: Jagga akasema Uchagani, Fuga akasema Vuga, Uniamesi akasema Unyamwezi. Alipofika chini aliniuliza jina la mchoraji, nikamtajia. Akaniuliza tena, waliomwambia wanaitwa nani? Nilimjibu kwamba hapa hawakuandikwa. Akarudi juu, akaanza kuyasoma majina ya miji upya, kana kwamba huenda yamo katikati yake na sisi tumeyaruka.

Alipomaliza aliomba akae nayo usiku mmoja awaonyeshe wenzake wa barazani. Nilimwachia, maana nyumbani ninayo nyingine, nikaenda stendi kukata tiketi ya basi la saa kumi na mbili asubuhi.